Nataka kuhamia Kange, Tanga, na cherehani zangu. Wenyeji nishaurini

Cherehani Mbili

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za saa hizi.

Mimi ni mshonaji, niko Mbagala Rangi Tatu mwaka wa 11 sasa. Nina cherehani mbili, moja ya kukanyaga na moja ya umeme, pamoja na mashine ya ovaloki, ile ya kuziba kingo za kitambaa. Fremu ninayopanga imepandishwa kodi mara mbili ndani ya miaka mitatu, na mwenyewe anataka ya miezi sita mkononi. Mume wangu amepata kazi ya kuendesha lori la mizigo ya bandarini Tanga. Amepanga chumba Kange. Kila akipiga simu ananiambia kule kunajengwa usiku na mchana, stendi kuu ya mabasi iko pale pale, viwanja bado vinapatikana. Anataka tuhame Januari ili watoto waanze mwaka wa shule huko. Watoto ni watatu, mkubwa anaingia darasa la sita.

Nilifika mara moja tu, mwezi wa nane, nikalala siku mbili. Pale stendi niliona fremu mpya nyingi, lakini kadhaa zina kufuli. Nilipoingia ndani mitaani nikakuta nyumba nzuri ya geti, ya pili yake msingi ulioota nyasi, ya tatu shamba la mihogo. Nikashindwa kujua kama nipo mjini au shamba.

Akiba yangu ni milioni 4 na laki mbili, nimeikusanya kwa sindano. Sasa naomba kujua: nichukue fremu karibu na stendi kwenye watu wengi, au nitangulize kiwanja? Na mtu anaweza kweli kula kwa kushona kule, au kila mwenye nguo ya kushona anashuka mjini?

Naomba wajibu wanaoishi huko. Madalali nimeshawasikia wa kutosha.

Fundi Mwashi

Karibu Tanga dada. Mimi kushona sijui, nitasema la kiwanja kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Upande ule, ukianzia Kange kwenda Maweni na Pongwe, chini kuna mawe ya chokaa. Hata kiwanda cha saruji kiko Pongwe kwa sababu hiyo. Kwa msingi ni neema, mawe na kokoto hutoi mbali. Kwa shimo la choo ni mtihani. Nimechimba kiwanja kimoja tukafika futi 12 bila jasho, cha jirani yake tukagonga mwamba futi ya tatu, ikabidi mwenye nyumba alipe vijana wa kuvunja kwa nyundo na moto siku tisa. Kabla hujatoa hela omba ruhusa uchimbe kashimo ka kujaribu. Muuzaji akikataa, mshukuru na uondoke.

Mama wa Genge

Marahaba mdogo wangu. Nimesoma habari yako mara mbili, maana nimejiona mwenyewe.

Niko Kange tangu 2012. Nilitoka Makorora kwenye nyumba ya urithi, vyumba vitano na ndugu saba, kila mmoja na watoto wake, nikaona afadhali nikaanze porini. Ndiyo, lilikuwa pori. Jioni tunawasha kibatari, na mtu akitaka kuja kukutembelea unampokea barabarani kwa sababu hakuna cha kumwelekezea. Leo nina genge mbele ya nyumba yangu: nyanya, nazi, mchicha, dagaa, mkaa, na siku hizi mitungi midogo ya gesi. Genge hilo limesomesha watoto wanne. Kwa hiyo ninayokuambia nimeyaona nikiwa nimekaa kwenye kibao changu.

Kwanza ujue kuna Kange mbili. Kuna ya stendi na kuna ya mitaani. Kutoka moja hadi nyingine ni dakika kumi kwa mguu, lakini biashara zake hazifanani hata kidogo. Ile ya stendi inakula kwa abiria. Abiria mkono mmoja umeshika begi, wa pili umeshika mtoto. Atanunua maji, machungwa ya Muheza yaliyomenywa, korosho, mkate wa njiani. Hawezi kusimama umpime kifua na kiuno. Mtu wa basi la alfajiri la Dar es Salaam hatarudi Alhamisi kuchukua gauni. Hizo fremu ulizozikuta na kufuli nimeziona zikifunguliwa kwa mapambo na ubani: saluni, nguo za mitumba za daraja la kwanza, duka la viatu. Wenyewe walitazama watu wanavyopishana pale wakadhani wote ni wateja wao. Kodi ya stendi inapangwa kwa kuhesabu wapita njia, na wewe mshonaji huli kwa wapita njia.

Kange ya mitaani ukiiingia saa tano asubuhi unaweza kulia. Kimya, milango imefungwa, kuku tu. Hiyo ndiyo Kange uliyoiona wewe, nadhani ulitembea mchana. Watu wameondoka alfajiri. Wengine wako bandarini, wengine viwandani Pongwe, wengine hospitali ya Bombo, maofisini, sokoni Mgandini. Wanaanza kurudi saa kumi na moja, na kati ya magharibi na saa tatu usiku mimi huuza robo tatu ya mali yangu. Miaka mitatu ya mwanzo sikulijua hilo. Nilifungua saa moja asubuhi kama nilivyozoea Makorora, nikakaa na nyanya zinasinyaa mbele yangu, nikidhani nimerogwa. Sasa asubuhi nakwenda Mgandini kufungasha, adhuhuri najinyoosha, saa tisa alasiri ndiyo natandika meza. Wewe nawe ukija na saa za Mbagala, ukafunga saa kumi na mbili jioni, utawakosa wenye hela wote.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna dalali atakayekuambia, na ndilo ninalotaka ulishike. Biashara huku huingia kwa zamu, na zamu hiyo inafuata nyumba zinavyopanda. Mtaa wetu ulipokuwa na nyumba tano, waliokuwa wanapata ni mwenye mashine ya tofali, mwenye tangi la maji, na mimi niliyekuwa nawapikia mafundi. Vitumbua asubuhi, ugali na maharage mchana, naandika kwenye daftari, Jumamosi wakilipwa nao wananilipa. Wakati huo kulikuja dada mmoja akafungua duka la urembo, kucha na nywele za bandia. Mtaani kulikuwa na mafundi na mbuzi! Alikaa miezi minne. Hakuwa mjinga, aliwahi mno. Nyumba zilipoezekwa, familia zikaingia, zikaja zamu za genge, mkaa, kinyozi, mashine ya kusaga, mwalimu wa madrasa. Watoto wa familia hizo walipofika umri wa kusoma ndiyo likaja duka la madaftari. Na mshonaji zamu yake ni hiyo hiyo.

Sasa utajuaje mtaa unaotaka kuhamia umefika zamu yako? Usiulize mtu. Njoo ulale, uamke, saa kumi na mbili na nusu asubuhi ukasimame kijiwe cha bodaboda kwenye njia inayotoka mtaani. Hesabu sare za shule. Hesabu bluu na nyeupe za shule za msingi, kisha sekondari, kisha hizo rangi rangi za shule binafsi. Mwaka 2014 pale kwetu nilikuwa nahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na watoto wenyewe nawajua majina. Siku hizi nachoka kabla hawajaisha.

Hao ndio wateja wako wa kwanza. Tangu 2016 shule za serikali, kuanzia msingi mpaka kidato cha nne, hazina ada, lakini shati, kaptula, sketi ya marinda na sweta bado ni mzigo wa mzazi. Mama wa huku anapanda daladala kwenda mjini kununua sare ya dukani, kaptula inachanika msamba kabla ya Machi, anapanda tena. Mtaani kwetu yuko mshonaji mmoja tu, mama wa makamo, anashonea barazani kwake. Kuanzia Novemba anarudisha watu. Mwaka jana mjukuu wangu alianza darasa la kwanza na sketi ya dada yake iliyokunjwa kiunoni na pini, kwa sababu foleni ya mama yule ilifika Februari. Niliumia sana kumwona vile siku yake ya kwanza ya shule. Hiyo nafasi ipo, mdogo wangu, naijua kwa pini ile.

Baada ya sare ni kubana, kupunguza, kuweka zipu. Usione ni kazi ndogo, ndiyo inayokuletea mtu mlangoni kila wiki. Kisha shughuli zetu za pwani. Tanga harusi haikosi sare ya ukoo, madera na vijora, na nyingi hujazana mwezi wa Shaabani kabla ya kufunga na Mfungo Mosi baada ya Idi. Ila kwa gauni la bibi harusi mwenyewe bado watashuka mjini, hilo usijidanganye nalo kwa miaka michache hii.

Kuhusu maneno ya bomba na bandari, kwa kuwa najua mumeo atakuwa amekuambia. Jiwe la msingi la bomba la mafuta ya Uganda liliwekwa Chongoleani Agosti 2017. Wiki ile ile viwanja vya Kange vilipanda bei kwa midomo ya madalali. Bomba lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, na linaishia Chongoleani, upande wa kaskazini wa ghuba, mbali na sisi. Jirani yangu alikopa kwenye kikoba akajenga vyumba sita vya kupangisha wageni wa bomba. Vilikaa na popo miaka mitatu. Leo vimejaa, lakini wapangaji ni walimu na vijana wa bodaboda, kwa nusu ya kodi aliyoipigia hesabu. Bado analipa.

Bandari ni jambo jingine. Zamani meli zilisimama nangani, kiasi cha kilomita 1.7 kutoka gatini, mizigo ikishushwa kwa matishari, vyombo bapa vya kubebea mizigo, halafu ipakuliwe tena gatini. Kina pale gatini kimechimbwa hadi mita 13, na gati lenye urefu wa mita 450 limeboreshwa, meli zinafunga zenyewe. Mimi bandari siioni kutoka hapa, lakini naiona kwa madereva waliojaa vyumba vya mtaani tangu kazi hiyo ikamilike. Mumeo ni mmoja wao. Mtu wa namna hiyo anarudi nyumbani na mshahara kila mwezi, anaoa, anazaa, anahitaji sare. Tegemea huyo.

Kiwanja usinunue mwaka wa kwanza. Subiri masika yapite ukiwa hapa hapa, ujionee maji yanapita wapi. Mimi nilinunua kiangazi, mahali pakavu pazuri, nikauziwa hatua 20 kwa 20, na hatua hizo alizipiga mpwa wa muuzaji, kijana mfupi. Walipokuja kupima kwa vipimo vyenyewe nikapungukiwa pande mbili, na jiko langu la nje likawa limekaa barabarani. Nililivunja kwa mikono yangu. Na Aprili ya kwanza maji yaliingia hadi chini ya kitanda.

Mjukuu wa Ngamiani

Mama wa Genge amesema vizuri na mimi namheshimu. Lakini dada yetu mwenye milioni nne anataka kula kesho, hawezi kungoja mtaa ukomae. Mimi ningemwambia apange Ngamiani, mjini kwenyewe. Barabara zake zimepangwa kwa namba, mgeni hapotei. Maduka ya vitambaa yako karibu, watu wapo mchana na usiku, na mshonaji mwenye mkono mzuri anajulikana kabla ya mwezi kwisha. Waja leo waondoka leo ni maneno ya watani tu, Ngamiani mgeni hukaa akawa mwenyeji.

Upande wa kiwanja niongeze kitu kwa sababu nimefanya kazi za masijala miaka mingi. Tanga ni jiji tangu 2005 na Kange iko ndani yake, kwa hiyo ardhi yake inakwenda kwa Sheria ya Ardhi namba 4 ya 1999, ile namba 5 ni ya vijiji. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa ni ushahidi kwamba mmeuziana mbele yake. Haukupi hati. Uliza namba ya kiwanja na kitalu, nenda idara ya ardhi ya halmashauri ya jiji uone kama namba hiyo ipo kwenye ramani na imeandikwa matumizi gani, kisha ukafanye upekuzi kwa msajili wa hati. Mji huu umezungukwa na mashamba ya mkonge ya zamani, na kuna watu wamenunua kipande cha shamba ambalo hati yake ya zamani bado ina mwenyewe. Muuzaji akiwa ameoa, mkewe naye asaini kuridhia. Nimeona kesi za ndugu zikila miaka kwa sababu ya saini moja ya mke iliyokosekana.

Mama wa Genge

Kaka yangu wa Ngamiani, la hati umelinyoosha, ahsante. La kupanga Ngamiani nakubali nusu. Mshonaji asiye na familia angefanikiwa haraka huko, na washonaji wamejaa kila barabara, kwa hiyo angeshindana nao kwa bei. Huyu ana watoto watatu na mume anayerudi usiku wa manane na lori. Kwa kodi ya chumba na sebule huko, huku atapata vyumba vitatu na uwanja wa watoto kurukia kamba.

Na kuna kitu siwezi kukipima kwa kodi. Mtaa wetu tumeujenga. Barabara ya kuingia ilikuwa njia ya mbuzi, tukapiga msaragambo Jumapili tisa, kila nyumba inatoa mtu mmoja na jembe, asiyeweza anatoa uji. Mimi nilitoa uji. Kila daladala inapoingia mpaka kona ya msikiti nakumbuka sufuria lile. Mjini nilikozaliwa nilikuta kila kitu kimeshapangwa, nikangoja zamu yangu ya chumba. Huku nimeshika jembe. Ninataka huyu dada aje, kwa sababu tunamhitaji, wala sina chumba cha kumpangisha wala kiwanja cha kumuuzia.

Cherehani Mbili

Dada shikamoo tena, na kaka wa Ngamiani, na fundi, ahsanteni sana. Nimemsomea mume wangu kwa simu, kwenye habari ya vyumba vya bomba akanyamaza.

Nina mawili. Fremu ya stendi nimeiacha. Je, kwa milioni 4 na laki mbili ungeanzaje ungekuwa mimi? Na umeme wa huko ukoje, kwa sababu huku Mbagala ukikatika ile cherehani ya umeme na ovaloki zinakaa bure?

Mama wa Genge

Marahaba. Ningepanga nyumba yenye baraza inayotazama njia ya watu wanaorudi jioni, upande ambao wanapita kwa miguu wakishuka daladala. Hiyo ndiyo fremu yako. Ile ya kukanyaga usiiuze hata kwa bei gani, umeme huku nao una siku zake, na mwenye kukanyaga anaendelea kushona wenzake wakingoja. Taa ya sola weka barazani. Itafanya kazi mbili, utashona na utaonekana.

Kodi ya miezi mitatu, kuhama na shule za watoto, tuseme milioni moja na nusu. Laki sita nunua jora la bluu na jora la nyeupe mapema, Oktoba au Novemba, kabla maduka hayajapandisha kwa ajili ya Januari. Namba ya mlipakodi na leseni fuatilia mwenyewe, usimpe mtu hela akufuatilie. Iliyobaki usiiguse. Wateja wa huku watakukopa, daftari halikwepeki, mimi mwenyewe leo nadai. Kopesha mwenye nyumba na mwenye mtoto shuleni, mpe mpaka mwisho wa mwezi. Mpangaji wa wiki mbili mwambie alipe nusu kabla hujakata kitambaa.

Yule mama mshonaji wa kwetu usimwogope. Nenda kwake siku ya kwanza, kabla hujafungua sanduku, umsalimie, umwambie umekuja. Kazi zinazomzidi Novemba atakuletea mwenyewe, nimeshaongea naye jana usiku alipokuja kuchukua nazi.

Cherehani Mbili

Nimelia kidogo, nisamehe. Hujaniona na umeshanisemea kwa mwenzangu.

Nimepata ruhusa kwa mwenye fremu, nafunga Alhamisi, napanda basi la mchana. Nitalala kwa mume wangu. Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi nitakuwa kijiwe cha bodaboda na daftari, nahesabu sare. Jioni nitatafuta genge lako, nitakujua kwa mitungi ya gesi.